Joto Ndilo Nililoanza Nalo

Nakaa Sinza, Dar es Salaam, na riziki yangu inatokana na kuhariri video za harusi, sendofu na mahafali. Kompyuta yangu ya mezani niliinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika. Ndani ina prosesa ya Intel Core i5-2500K, iliyotoka mwaka 2011. Wenzangu wengi walinishauri niiuze, niongeze hela, nichukue mpya. Nataka kushuhudia kwa nini sikuiuza, na jinsi jambo hilo lilivyobadilisha namna ninavyoitazama mashine yoyote inayowekwa mbele yangu.

Kilio changu kilikuwa kurenda. Umeshakata picha, umeshapanga muziki, umeshasawazisha rangi, halafu unakaa kuisubiri kompyuta itoe video kamili. Mama wa bibi harusi anapiga simu: "Mwanangu, ile video yetu vipi?" Huna la kumwambia zaidi ya "Bado kidogo, mama." Na kulikuwa na kitu kilichonishangaza: kazi ileile niliyoirenda usiku wa manane ilimalizika mapema kuliko nilipoirenda saa nane mchana.

Nilimweleza hivyo kijana mmoja fundi wa kompyuta wa mtaani kwetu. Hakugusa kitu kwanza. Alisema, "Dada, kabla hujauza, tuipime joto." Akaweka programu ya kusoma vipimajoto vilivyomo ndani ya prosesa, akaniambia nianze kurenda. Namba zikapanda mbele ya macho yangu: nyuzi 80, 88, 93, 96. Prosesa hii ikifika nyuzi 98 za Selsiasi hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Hapo ndipo nilipoelewa tofauti ya mchana na usiku: joto la chumba mchana liliisukuma hadi kwenye kikomo hicho. Mashine yangu ilikuwa na nguvu, ila haikuwa na pa kulitolea joto.

Tulipofungua kasha tukakuta kifaa cha kupozea cha kiwandani, kidogo, mapezi yake yamezibwa na vumbi. Ile pesti inayokaa kati yake na prosesa ilikuwa imekauka, inapukutika kama chokaa ya ukuta wa zamani. Kusafisha na kupaka pesti mpya peke yake kungesaidia, na kwa mashine nyingi hiyo inatosha kabisa. Lakini fundi alinionyesha jina la prosesa kwenye skrini akasema, "Dada, hii ina herufi K mwishoni. Hii inafunguka."

Maana yake ni hii. Mwendo wa prosesa hupatikana kwa kuzidisha namba mbili. Kuna mapigo ya msingi ya megahezi 100, na kuna kizidisho. Ya kwangu kizidisho chake cha msingi ni 33, ndiyo maana imeandikwa gigahezi 3.3. Kori zote nne zikifanya kazi kwa pamoja inajipandisha yenyewe hadi 3.4. Prosesa nyingi za Intel za wakati ule zilifungwa kizidisho. Zenye herufi K ziliachwa wazi, alimradi mazabodi nayo inaruhusu. Unaingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, unapandisha kizidisho, na mapigo ya msingi huyagusi, kwa sababu katika kizazi hiki vifaa vingine ndani ya mashine vinayategemea. Huko ndiko kuovakloki.

Ila ukipandisha mwendo, joto nalo linapanda. Basi tukaanza na kupoza. Nilinunua Cooler Master Hyper 212 EVO, yenye mabomba manne ya shaba, mapezi ya alumini na feni ya milimita 120. Ndani ya kila bomba mna kimiminika kidogo. Upande unaogusa prosesa kinageuka mvuke, kinapanda kwenye mapezi, kinapoa, kinarudi chini kupitia kuta za bomba zilizotengenezwa kufyonza. Hakuna pampu wala maji ya kuvuja. Kifaa kina urefu wa milimita 159, kwa hiyo nilipima kasha kwa rula kabla ya kutoa hela. Chini, mabomba yanagusa prosesa moja kwa moja na kati yake mna mifereji midogo. Fundi aliijaza ile mifereji pesti kwanza, kwa ukingo wa kadi ngumu, taratibu, bila kuzungumza. Feni tukaielekeza ipulize nyuma, kwenye feni ya kutolea hewa.

Kabla ya kupandisha chochote tukapima tena. Kazi ileile, chumba kilekile chenye nyuzi 31: prosesa haikuvuka 64. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku niliyoinunua.

Baadaye tukapandisha kizidisho kidogokidogo, 38, 40, 42, 43, na kila hatua tunapima. Kwenye gigahezi 4.3 prosesa ilihitaji volti 1.28, joto likaishia 76. Kwenye 4.5 ilidai volti 1.36, na joto likafika 86. Hesabu yake ni ya kweli na inauma: umeme unaoliwa hupanda sawasawa na mwendo, lakini kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Kutoka mwendo wa awali hadi 4.3 nilipata kasi ya zaidi ya robo, kwa joto linalozalishwa kuongezeka kama asilimia 44. Kufika 4.5 kungeniongezea asilimia sita tu za kasi, na joto lingekuwa asilimia 70 juu ya lile la mwanzo. Nikabaki na 4.3. Wapimaji wa Ulaya wanaosifu namba kubwa hupima kwenye vyumba vya nyuzi 20 au 22. Kipozeo cha hewa hakiwezi kushusha joto chini ya lile la chumba, kwa hiyo sisi wa pwani tunaanza tukiwa na deni la nyuzi kumi.

Halafu kuna suala la uaminifu wa mashine. Tuliiachia Prime95 usiku kucha. Programu hiyo iliundwa kutafuta namba tasa kubwa mno, na kwa kuwa kosa moja la hesabu linaharibu kazi yote, ina jaribio kali la kuikamua prosesa na kulinganisha majibu. Ikikosea hata mara moja, unashusha kizidisho au unaongeza volti kidogo. Mimi sikubali mkato hapa. Harusi ya mtu hairudiwi, na mashine inayokimbia huku inakosea sitaiwekea kumbukumbu za familia yoyote.

Video iliyokuwa ikirendwa saa moja na nusu sasa inachukua kama saa moja na robo, mchana au usiku. Hilo ni jema, lakini mabadiliko makubwa yamo kwangu. Zamani nilikuwa nauliza bei ya mashine mpya. Sasa nauliza iliyopo inakwama wapi, na naitafuta namba kabla ya kutoa hukumu. Kipimajoto kinakaa wazi pembeni ya skrini yangu muda wote wa kazi. Kila mwezi nafungua kasha, napuliza vumbi kwa bloa, feni nimeishika kwa kidole isizunguke. Wenzangu wawili wa Mwenge wamenifuata na mashine zao. Hazikuwa na herufi K, kwa hiyo tulisafisha na kupaka pesti tu, na zote mbili zimerudi kazini.

Ndugu msomaji, kama mashine yako inachelewa mchana na kuchangamka usiku, usiiuze bado. Pakua programu ya kupima joto, irende kazi yako ya kawaida, na usome namba. Ikizidi 90, zima, chomoa umeme, fungua kasha. Kuovakloki kunaweza kukuondolea dhamana ya mtengenezaji, kwa hiyo kwa prosesa mpya fikiria mara mbili. Kusafisha hakuhitaji ruhusa ya mtu.