Siku niliyomtafsiria mama mdogo

Mama mdogo hataki mkalimani. Waswahili wa Stockholm tunajuana, na anaogopa siri yake itafika Akalla kabla yake, kama vile nayo imepanda treni namba 11. Basi mkalimani ni mimi, mwenye Kiswahili cha jikoni. (Ameniruhusu niandike, jina tu nisitaje.)

Anaishi na virusi vya UKIMWI tangu kabla sijazaliwa. Kwao ni Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, enzi watu wakiuita ugonjwa "Juliana", jina la nguo zilizoletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Siku hizi virusi vyake havionekani kwenye vipimo. Ndiyo maana daktari alipotaka kumwongezea dawa ya kolesteroli aling'aka: "Havionekani, sasa hii ya nini tena?"

Daktari akaeleza, mimi nikakwama. Moyo najua, damu najua, lakini neno la ule uvimbe wa ndani kwa ndani sikuwa nalo. Nikasema mwili umekasirika. Akacheka! Nikaanza upya: virusi vimelala, havijaondoka. Kinga ya mwili inabaki macho miaka nenda rudi, na hilo linaumiza kuta za mishipa ya damu. Mafuta yananasa humo, njia inakuwa nyembamba, moyo unakosa damu. Hatari hiyo kwa wenye virusi ni karibu mara mbili ya watu wengine, hata wanaomeza dawa vizuri.

"Aaa," akasema, "kama jiko la mkaa. Juu majivu, ndani moto."

Nikamtafsiria daktari. Naye akatikisa kichwa kukubali.

Ila kilichomlainisha ni Uganda. Utafiti uliotangazwa 2023 uliwafuatilia watu 7,769 wenye virusi katika nchi 12, Uganda ikiwemo. Waliomeza pitavastatini, dawa ya kolesteroli, walipungukiwa na matatizo makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35, ukilinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa. "Kumbe wamejaribu na kwa majirani zetu," akasema. Alidhani ni mambo ya Wazungu tu.

Kidonge kipya amekiweka wazi, pembeni ya birika la chai. Wageni wakiuliza anajibu, "Moyo huo, uzee." Vile vya zamani bado viko kwenye kopo la biskuti, juu ya kabati.