Fundi Hafufui Faili

Enschede, Uholanzi

Ndugu zangu wa Temeke na Kinondoni,

Leo naandika nikiwa nimekasirika. Mpwa wangu wa Mbagala, yuko mwaka wa mwisho chuoni, kanitumia ujumbe wa sauti, nusu yake kwikwi. "Anko, umeme ulikatika, uliporudi laptopu ikagoma kuwaka. Nikaipeleka kwa fundi, kapiga windo upya, sasa hivi inapiga kazi kama mpya. Ila utafiti wangu wote haumo." Nyuma yake namsikia dada yangu akimtuliza: "Ashukuriwe Mungu, si mashine imepona?"

Imepona! Mashine ya mtumba, ambayo kesho ukishuka Kariakoo unapata pacha wake, ndiyo inayopewa pole na hongera. Madodoso aliyozunguka nayo Tandika juani, mahojiano na mama lishe, sura tatu ambazo msimamizi wake alishazipitisha, vyote vimekwenda na maji na hakuna aliyeviulizia.

Siwezi kuwasema mafundi kabla sijawasifu. Ukikaa Ulaya ndipo unapojua kwamba fundi wa Mtaa wa Aggrey ni hazina. Yuko kwenye kimeza chembamba, mkono mmoja umeshika kifaa cha lehemu, wa pili chai ya rangi. Anachomoa RAM, anaisugua meno kwa kifutio cha penseli, anairudisha, mashine inawaka. Akikosa kipuri anaking'oa kwenye laptopu iliyokufa. Bei mnaelewana, na ukiwa huna yote anakwambia utamalizia kesho.

Huku je? Keybodi ya kilaptopu changu ilipoanza kurudia herufi, niliingia duka moja la kompyuta. Kijana mpole, shati limenyooshwa. Akanipangia miadi ya wiki inayofuata, akanieleza kuwa kuna ada ya kuiangalia tu, itengenezwe isitengenezwe, akanipa na karatasi ya kusaini kwamba mafaili yakipotea hawahusiki. Mwisho akaniambia kwa upole kwamba matengenezo yatazidi thamani ya mashine, na mashine mpya za inchi 11 ziko pale kushoto. Mashine yenyewe nilikuja nayo kutoka nyumbani, bado ina stika ya shule ya Marekani mgongoni. Imetoka Marekani ikauzwa Dubai, ikatua Kariakoo, ikanisindikiza Uholanzi kuja kusoma mambo ya ramani. Ukoo wetu mzima haujasafiri hivyo.

Walioniokoa ni wazee. Tarehe 18 Oktoba 2009 mama mmoja mwandishi wa habari, Martine Postma, aliitisha watu pale Amsterdam waje na vitu vyao vibovu wavitengeneze badala ya kuvitupa. Akapaita mahali hapo Repair Café, na leo vituo vya namna hiyo vimeenea Uholanzi yote na nchi nyingine nyingi. Unakwenda kwenye ukumbi wa mtaa, unapewa kahawa, unaketi na mtu wa kujitolea, mara nyingi mhandisi mstaafu, mnakifungua kifaa pamoja. Hakuna bei, kuna kopo la mchango mezani. Kwa hiyo huku mtu anastaafu kwanza ndipo awe fundi! Mzee aliyenipokea hakuniuliza tatizo la keybodi. Kabla ya kugusa bisibisi aliuliza: "Nakala ya mafaili yako iko wapi?" Nilipomwonyesha ndipo akaanza kufungua.

Wapendwa, tofauti yetu na hawa ndugu ndiyo hiyo. Sisi tuna fundi, kwa hiyo hatuweki nakala. Wao hawana fundi, kwa hiyo wanaweka nakala. Mwanafunzi wa hapa mvua ikimlowanishia begi kwenye baiskeli, laptopu ikafa, anaililia pesa yake. Jioni anakaa kwenye kompyuta ya maktaba, anafungua akaunti yake, anaendelea na sentensi pale alipoishia. Wa kwetu ikifa anaililia shahada. Na wala si kwamba Mholanzi ana akili kutuzidi. Ni kwamba anajua hakuna wa kumkimbilia. Sisi fundi ametudekeza.

Baya zaidi, tunadekezwa na ahadi ambayo fundi mwenyewe hawezi tena kuitimiza. Vile vilaptopu vya inchi 10 vyenye Intel Atom vilivyotamba miaka ya 2009 na 2010, vingi vilikuwa na diski ya kuchomoa. Madabodi ikiungua, fundi aliitoa diski, akaichomeka kwenye mashine nyingine, mafaili hayo hapo. Vilaptopu vya bei rahisi vilivyofuata, mfano HP Stream 11 iliyotoka mwaka 2014, vingi vina hifadhi ya GB 32 ambayo ni chipu iliyochomelewa kwenye madabodi yenyewe. Hakuna cha kuchomoa. Madabodi ikiungua, mafaili nayo yameungua. Halafu mashine nyingi za Windows za siku hizi hufunga diski kwa msimbo wa siri bila hata mwenyewe kujua. Fundi akibadilisha madabodi, mashine inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, na ufunguo huo mara nyingi uko kwenye akaunti ya Microsoft ambayo paswedi yake ulishaisahau.

Na mzigo mwingine unakuja. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza muda wa kawaida wa kuihudumia Windows 10. Windows 11 inataka angalau RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 64 na chipu ya usalama ya TPM 2.0, masharti ambayo vilaptopu vingi vya shule na ofisi za huku havifikii. Vinatolewa makabatini, na njia ya kwenda Dubai na Kariakoo mnaijua kuliko mimi. Vitashuka vinang'aa, bei nzuri, na mtavinunua. Nunueni, mimi mwenyewe natumia cha namna hiyo. Ila chukueni karatasi muandike haya.

Ukinunua, kiwashe, kizime, kiwashe tena ukiwa hapohapo dukani, na chaja imechomolewa. Uliza kama diski inachomoka. Kama ipo ya kuchomoka na ya kuchomelewa kwa bei moja, chukua ya kuchomoka. Ingia kwenye BIOS uone kama haijafungwa kwa paswedi ya shule ilikotoka. Ikiwa ni Chromebook, mwambie muuzaji aifute yote mbele yako. Ikirudi na kudai akaunti ya shule fulani ya Marekani, mrudishie na umshukuru. Ukipata yenye kuchajiwa kwa tundu la USB-C, usiiache: sheria ya Umoja wa Ulaya inataka laptopu mpya zinazouzwa huku zichajiwe hivyo kuanzia tarehe 28 Aprili 2026, kwa hiyo chaja za aina hiyo zitazidi kupatikana. Kwa chaja za kawaida, soma maandishi ya mgongoni: volti zilingane na za mashine, ampea zisipungue. "Inaingia" si kipimo.

Umeme ukikatika, chomoa chaja. Ukirudi, subiri utulie, taa za jirani zikiacha kupepesa ndipo uchomeke. Betri ikivimba ukaona padi ya kipanya inainuka, usiikandamize irudi chini. Zima na uitoe, hiyo ni moto unaosubiri siku. Usiweke laptopu juu ya godoro, maana matundu ya feni yanazibwa, na chumba cha bati cha Mtoni mwezi wa pili hakihitaji moto mwingine. Wala usile chapati juu ya keybodi, sisimizi wanasoma zaidi yako.

Ikigoma kuwaka, usikimbie. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, rudisha, jaribu. Ikiwa feni inalia lakini kioo kiko cheusi, mulika kioo kwa tochi ya simu. Ukiona maandishi hafifu, tatizo ni taa ya kioo. Kama ina tundu la HDMI, ichomeke kwenye televisheni ya sebuleni. Picha ikionekana, toa mafaili yako kwanza, mengine baadaye.

Ukitoka steshenari ukakuta flashi imejaa shotikati na mafolda hayaonekani, usiifomati. Virusi vya aina hiyo kwa kawaida huyaficha tu mafolda, na mtu anayejua huyarudisha kwa amri moja. Kuwa na flashi mbili: moja ya kuchapia, isiyo na kitu zaidi ya PDF ya siku hiyo, nyingine isiyokanyaga mlango wa steshenari. Na nakala ya tatu iende kwenye intaneti. Google Drive inakupa GB 15 bure, na utafiti wa kurasa mia moja za maandishi ni mdogo kuliko video moja ya harusi mnayorushiana kwenye kundi la familia. Msiniambie habari ya bando.

Ukifika kwa fundi, sentensi yako ya kwanza iwe: "Toa mafaili kwanza, hapa mbele yangu." Usiseme "inaganda" ukaondoka kwenda kula. Fundi analipwa ili mashine iwake, na njia fupi ya kuifanya iwake ni kupiga windo. Kama mashine ni dhaifu au Windows yake imeishiwa huduma, mwombe akuwekee Linux Mint pamoja na LibreOffice. Ni halali na ni bure, tofauti na ile "ya bure" ya kwenye flashi yake inayokuja na virusi vyake.

Sasa niwaseme. Wanafunzi, bumu likitoka mnajua njia ya kwenda kununua viatu kabla meseji haijafutika, lakini flashi ya pili "hela haijakaa sawa". Mafundi, mabingwa wangu, bandikeni kwenye kimeza kibao kikubwa: HATUPIGI WINDO BILA NAKALA. Mkipoteza wateja wawili watatu, watarudi wakilia kutoka kwa wenzenu. Nanyi wazazi, mtoto akisema laptopu imeharibika, msiulize fundi anataka shilingi ngapi. Ulizeni kazi yake iko wapi kwingine. Akinyamaza, hapo ndipo mahali pa kukasirika, kabla mashine haijapona wala kufa.

La mwisho ni maagizo yenu. Kila nikitaja likizo, simu inajaa: Anko usisahau laptopu, kaka nipatie hata kadogo. Nimesikia. Utaratibu wangu kuanzia sasa ni huu: anayetaka laptopu anitumie kwanza faili lake la muhimu akilitoa mahali pengine, mashine aliyonayo ikiwa imezimwa. Akishindwa, nitamletea flashi, na aijaze kabla hajaniagiza kitu kingine.