Mtoto anahitaji huduma mapema, tovuti ya kituo isiwe kikwazo

Mtoto anayezaliwa na mguu kifundo, yaani unyayo uliopinda kuelekea ndani, anaweza kutibiwa bila upasuaji mkubwa akifikishwa kliniki mapema. Njia inayotumika katika nchi nyingi, iliyobuniwa na daktari Ignacio Ponseti, hufaa zaidi ikianza katika wiki za kwanza za maisha. Mguu hunyooshwa taratibu na kufungwa plasta ngumu, lile ambalo wengi huliita hogo, na hogo hilo hubadilishwa kila wiki kwa wiki kadhaa. Baadaye mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa chuma, mwanzoni karibu muda wote, kisha usiku tu, hadi afikishe takriban miaka 4.

Kwa mzazi wa mtoto huyo kila wiki ina thamani. Siku hizi, kabla ya kupanda daladala, wazazi wengi hushika simu kwanza. Wanataka kujua huduma ipo wapi, hutolewa siku gani, inagharimu kiasi gani na wampigie nani. Tovuti ya kituo ndiyo mapokezi yake ya kwanza.

Bahati mbaya, mapokezi hayo mara nyingi hujengwa na mtu anayeona vizuri, anayesikia vizuri, mwenye kompyuta kubwa na intaneti isiyokatika. Anasahau kwamba watakaobisha hodi ni watu wenye ulemavu na familia zao.

Mchukulie mama mwenye uoni hafifu aliyejifungua wiki mbili zilizopita. Muuguzi amemweleza kuhusu mguu wa mtoto na kumtajia kituo cha kwenda. Simu yake ina programu inayosoma skrini kwa sauti; akigusa neno, simu inalitamka. Anafungua tovuti ya kituo. Sauti inasema, "Picha." Anasogeza kidole, inasema tena, "Picha." Anafika kwenye kitufe, sauti inasema, "Kitufe," basi. Ni kitufe cha nini, haisemi. Siku za kliniki zimo ndani ya tangazo la rangi lililobandikwa ukurasani kama picha, na sauti inalipita bila kukuta neno la kusoma.

"Mama, naomba unisomee hapa," anamwambia mama mkwe.

"Mwanangu, maandishi ya manjano juu ya nyeupe! Hata mimi na miwani yangu sioni kitu. Mwite jirani."

Hapo ndipo panapouma. Kumwita jirani ni kumpa habari za mtoto kabla familia yenyewe haijazizoea, na mitaani bado wapo wanaonong'ona kwamba ulemavu ni laana au mkono wa mtu. Mama anaamua kumsubiri mumewe arudi safari. Wiki inapita, pengine mbili. Kituoni hakuna aliyemkataa, lakini mtoto amechelewa.

Kuzuia hali hiyo hakuhitaji uchawi. Tangu mwaka 1999, W3C, shirika la kimataifa linaloweka viwango vya tovuti, limekuwa likitoa mwongozo wa kutengeneza kurasa ambazo watu wenye ulemavu wanaweza kuzitumia. Toleo la 2.2 lilitoka mwaka 2023. Mengi yaliyomo ni mambo ambayo fundi wa tovuti anaweza kuyafanya kwa kazi ile ile anayolipwa, mradi aanze nayo. Kuyarekebisha baadaye ni kama kubomoa ngazi za jengo ili kuweka njia ya kiti cha magurudumu.

La kwanza, siku za kliniki, gharama na namba ya simu ziandikwe kama maandishi, zisifichwe ndani ya picha. Kila picha yenye ujumbe ipewe maelezo mafupi ambayo sauti itayasoma, kwa mfano, "Muuguzi akimfunga mtoto hogo." Kila kitufe na kila kisanduku cha fomu kiwe na jina lake.

La pili ni rangi. Mwongozo huo unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Manjano au kijivu hafifu juu ya nyeupe havifiki hapo. Nyeusi juu ya nyeupe inapita mbali.

La tatu, video ziwe na maandishi kwa ajili ya viziwi, na inapowezekana awepo mkalimani wa lugha ya alama. Vitufe visibanane, maana kuna anayebonyeza kwa mkono unaotetemeka.

La nne ni lugha. Mzazi anayesoma "huduma za utengamao" huenda asijue kama zinamhusu. Akisoma "mazoezi ya viungo na kumfundisha mtoto kula na kuvaa mwenyewe", ataelewa mara moja.

Faida haiishii kwa mwenye ulemavu. Inamfikia bibi mwenye miwani, mama aliyembeba mtoto mkono mmoja na baba anayesoma juani kituo cha daladala huku bando likikaribia kuisha.

Kabla tovuti haijafunguliwa rasmi, kituo kimpe simu mtu asiyeona, kiziwi, na mzazi mwenye mtoto mwenye ulemavu wa akili, kimlipe kila mmoja muda wake, kisha kiwaombe watafute siku ya kliniki. Wahusika wakae kimya watazame wanakwama wapi.

Hii ni haki. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Ibara yake ya 9 inagusa majengo, usafiri, habari na hata intaneti. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.3, yaani karibu mtu 1 kati ya 6, wana ulemavu mkubwa.

Mzazi naye ana la kufanya. Simu nyingi za Android zina programu ya TalkBack, na iPhone ina VoiceOver; zote husoma skrini kwa sauti na hupatikana kwenye mipangilio. Ukiziwasha, gusa mara moja kusikia na mara mbili kufungua. Mipangilio hiyo pia inakuza maandishi. Ukikwama kwenye tovuti ya kituo, watumie ujumbe: "Naomba mniandikie siku za kliniki kwa maandishi, siwezi kusoma picha." Ujumbe wa namna hiyo ukirudiwa na wazazi kumi, fundi ataitwa.

Wakati huo huo, usiisubiri tovuti itengenezwe. Mpeleke mtoto kliniki iliyo karibu na nyumbani, omba rufaa, na uliza siku ya kwanza ya kufungwa hogo ni lini.