Ripita ilisema, nodi zikanyamaza

Tangu vijana wajue kwamba nilikuwa opereta wa redio, wananiita Mama Foni, na swali lao ni moja: redio ya nini siku hizi, wakati kila mtu ana simu? Mhariri akaniomba niandike. Haya basi.

Walio wa umri wangu wanajua foni. Kabla simu za mkononi hazijaenea kwetu Kivu, mtu akitaka kumsikia ndugu yake aliye Walikale au Shabunda alienda kwenye nyumba yenye foni, akalipa, akangoja zamu, halafu akapiga kelele "Ova!" na mtaa mzima ukasikia mambo ya ndoa yake. Siri haikuwepo. Mawimbi ya foni yanadunda juu angani, njo maana yanafika mbali. Redio ndogo ya mkononi ni kitu kingine. Yenyewe inaenda mstari ulionyooka, kilima kikisimama katikati, basi. Na sisi huku vilima hatukosi.

Kwa hiyo wanaweka ripita juu ya kilima. Inasikiliza kwa masafa moja na papo hapo inarudia maneno yale yale kwa masafa mengine, kwa nguvu zaidi. Yetu ya Gisenyi ilisikia Goma bila shida, juu miji hii miwili imeshikana. Bukavu na Kigali haikufika. Huko tulifika kwa nodi: kompyuta ndogo iliyofungwa kwenye redio, inachukua sauti na kuipitisha kwenye intaneti hadi nodi ya upande wa pili, na kule inatoka tena kama sauti kwenye ripita yao. Wewe unabonyeza tu na kusema.

Ujanja huu haukuanzia kwa mashirika makubwa. Ni wa waredio wa ridhaa, watu wenye leseni wanaofanya redio kwa kuipenda tu, bila mshahara. Mwaka 1997 wa Kanada walianzisha IRLP, na mwaka 2002 ikaja EchoLink. Mwaka ule ule wa 2002, tarehe 17 Januari, sisi tulikuwa tunakimbia lava kuja Gisenyi na magodoro kichwani. Kila mtu na kazi yake!

Sasa nije mwaka 2021. Jumamosi tarehe 22 Mei, jioni, Nyiragongo ikapasuka tena. Maelfu walivuka mpaka usiku ule. Watoto wengi walipotezana na wazazi. UNICEF ilisema zaidi ya 150 walitenganishwa na familia zao. Siku zilizofuata ardhi ilitikisika mchana na usiku, nyumba na barabara za Gisenyi zikapasuka. Halafu tarehe 27 Mei serikali ikaamuru mitaa 10 ya Goma ihame. Wengine wakaenda Sake, wengine wakaja Rubavu, wengine wakapanda mashua kwenda Bukavu. Familia moja, njia tatu.

Na sisi nodi zote zilikuwa zimekufa. Ripita yenyewe ilikuwa hai: ukibonyeza na kuachia, unasikia ule mkia wake mfupi, "kshhh". Ilikuwa inajisemea peke yake. Bukavu kimya, Kigali kimya, Goma kimya.

Fundi wetu, kijana wa hapa hapa Gisenyi, alipanda kilima na mimi nikabaki chumba cha redio. Shida ya kwanza ilikuwa sahani ya antena ya intaneti. Tetemeko lililegeza bolti, sahani ikaangalia ziwa. Yeye alikuwa anaigeuza kule juu, mimi naangalia taa za modemu huku chini, tunaongea kwa ripita ile ile: "Kushoto kidogo, ova." "Hapo?" "Umepita, rudi, ova." Saa nzima.

Intaneti ikarudi, nodi zikakataa. Hapo kijana alikuna kichwa. Kumbe kompyuta zile ndogo hazina bateri ya saa. Umeme ukikatika zinasahau tarehe, zikiwaka zinauliza intaneti leo ni lini. Zilikuwa zimewaka wakati intaneti haipo, zikabaki na tarehe ya zamani, na mtambo unaopokea nodi ukazikataa kama mtu mwenye kitambulisho ambacho muda wake haujaanza. Tuliwekea tarehe kwa mkono. Zikaingia.

Sasa ikaja vita ndogo ya ofisini. Njia ya intaneti ilikuwa nyembamba siku ile, fundi akasema tufungue nodi moja kwanza, nyingine baadaye. Mkubwa wetu akasema, "Kigali kwanza, wanangoja ripoti." Hakuwa mtu mbaya, Kigali ndiko malori na unga vilikopangwa. Lakini mezani kwangu kulikuwa na karatasi ya watoto waliookotwa bila mzazi, na mashua zilikuwa zinateremsha watu Bukavu saa ile ile. Nikamwambia, "Chef, ripoti inaweza kupita kwa barua pepe. Karatasi hii inahitaji mtu wa kuuliza na mtu wa kujibu papo hapo." Alinyamaza, akaangalia saa yake. Akatupa saa mbili.

Tukafungua Bukavu. Naita, naita, kimya. Mara simu ya mkononi ikalia, ni opereta wa Bukavu: "Mama, iko namna gani? Mimi nakusikia kama uko hapa chumbani, wewe hunisikii?" Modemu ilikuwa imesahau mlango ambao sauti huingilia. Ya kutoka inatoka, ya kuingia inagonga ukuta. Fundi akaanza kuutafuta mlango, lakini saa mbili zilikuwa zinakwisha. Nikaamua kusoma hivyo hivyo, kwa upande mmoja, na Bukavu aniandikie ujumbe kwa simu.

Hapa wazazi nisikilizeni. Majina ya watoto hatukusoma, juu redio ile mtu yeyote mwenye mashine anaweza kuisikia, hata mwenye nia mbaya. Tulisoma namba, umri, mvulana au msichana, na mtaa. Na alama moja ya kila mtoto tuliificha. Anayedai mtoto ndiye aitaje.

Namba 4 alikuwa mvulana wa miaka kama 5, wa Majengo. Baba yake alimjua kama Papa tu, mama yake kama Mama tu. Baada ya dakika 40 ujumbe ukaingia: bandarini kuna mama anatafuta mvulana wa miaka 5, wa Majengo. Nikaandika: ana alama gani? Kungoja jibu lile kulikuwa kurefu kuliko saa ya antena. Fundi alikuwa ameshapata mlango, kwa hiyo jibu halikuja kwa simu, lilikuja kwenye spika, sauti ya mwanaume imejaa chumba: "Kovu goti la kushoto. Anasema aliungua kwenye makala. Ova."

Ilikuwa hivyo. Wanaoshughulikia kuunganisha familia wakachukua kazi, na ilipita wiki kadhaa kabla mama hajamshika mtoto wake, maana karatasi za mpakani zina mwendo wao. Namba 7 na namba 9 hazikupata jibu siku ile. Saa mbili zilipokwisha tulifungua Kigali, mkubwa akatoa ripoti yake.

Watoto wenu wafundisheni majina kamili, lao na yenu, na mtaa. "Mama tu" ni jina zuri nyumbani, redioni halisaidii.

Nodi ya Goma ilirudi ya mwisho, mwezi Juni, juu ofisi yao ilikuwa tupu na hakuna wa kuwasha mashine. Siku waliporudi, opereta wa kule hakuuliza habari za mtambo. Aliuliza kama Gisenyi sukari bado inapatikana.