Namba Iliyoitwa Tasa

Neno tasa ni zito. Likimgandama mtu halibanduki kwa urahisi. Wanahisabati wa Kiswahili wamelitwaa wakaiita namba tasa ile isiyogawika ila kwa moja na kwa nafsi yake, kama 2, 3, 5 au 67. Jina lenyewe lina dhuluma, maana hizo ziitwazo tasa ndizo zizaazo nyingine zote. Wazazi wa 15 ni 3 na 5. Wazazi wa 21 ni 3 na 7. Lakini neno limekwishazoeleka.

Ziandikwe mbili 67 zizidishane, kisha itolewe moja. Hupatikana 147,573,952,589,676,412,927, namba ya tarakimu 21. Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, aliitia katika orodha ya namba tasa za sampuli hiyo. Ithibati hakutoa. Ila alikuwa mtu wa heshima, mwenye kuandikiana barua na wanachuoni wa Ulaya, na neno la mtu wa heshima hukaa. Lilikaa miaka 232. Nani angeligombea? Kujaribu kigawo kimoja kimoja kwa kalamu ni kuchota bahari kwa kifuu.

Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alionyesha kuwa namba ile si tasa, na hakutaja hata kigawo kimoja. Hesabu yake haitafuti vigawo; hufuata mkururo mrefu wa namba, na salio la mwisho ndilo lihukumulo. Hapo ikawa yajulikana kwamba imezaliwa, na wazazi hawajulikani. Hukumu ya namna hiyo ni sahihi, wala haikinaishi.

Tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa Jumuiya ya Hisabati ya Marekani mjini New York, Frank Nelson Cole alisimama kutoa mada yake. Aliyekieneza kisa hiki ni Eric Temple Bell, msimulizi asiyechelea kutia chumvi. Asema Cole hakutamka neno. Aliandika ubaoni hesabu ya mbili 67, akatoa moja. Akahamia upande wa pili, akazidisha kwa mkono 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakalingana. Akarudi kitini, ukumbi ukashangilia, na hapana aliyeuliza swali. Wazazi hao wawili, wote ni tasa.

Baadaye Bell alimuuliza kazi ile ilimchukua muda gani. Akajibiwa: Jumapili za miaka mitatu. Kompyuta ya leo huimaliza kabla mtu hajapepesa jicho.

Orodha ya Mersenne ilikuwa na kosa jingine kama hilo, la mbili 257, na ilizisahau tatu zilizostahili kuwamo: za mbili 61, 89 na 107. Hata hivyo namba tasa za sampuli ile zinaitwa kwa jina lake mpaka leo, ikiwamo iliyotangazwa mwaka 2024, yenye tarakimu 41,024,320. Ya Cole haimo.