Nani Mwingine Anasikia?

Mtaani kwetu kila kisanduku chenye taa zinazopepesa huitwa ruta. Kikizimika, watu husema ruta imekufa, hata kama kilichokufa ni swichi, au modemu, au ni luku tu iliyoisha. Sina ugomvi na jina hilo. Kisanduku cha intaneti cha nyumbani mara nyingi huwa ruta, swichi na kirusha Wi-Fi, vyote ndani ya ganda moja. Lakini mimi nasoma shahada ya uzamili ya mitandao ya kompyuta hapa Dar es Salaam, na mara mbili kwa wiki nawasimamia wanafunzi wa mwaka wa kwanza maabara. Kazi yangu ni kuwatenganishia vitu hivyo. Naona kuna swali moja linalovitenganisha vizuri kuliko mengine: ukikipa kifaa neno la mtu mmoja, nani mwingine atasikia?

Tuanze na habu. Tunayo moja, kuukuu, yenye matundu 8. Tumeitunza kwa mafunzo, maana imeshapitwa na wakati. Habu haijui chochote. Ishara ikiingia tundu moja, inaitoa matundu mengine yote. Kompyuta 7 zinapokea, na 6 kati yake zinaitupa kwa kuwa si yao. Zinaitupa kwa adabu tu, hakuna kinachozizuia kusoma. Wanafunzi hufungua programu ya Wireshark na kuona neno la siri la mazoezi la mwenzao wa meza ya pili likipita wazi, herufi kwa herufi. Hapo maabara yote hulipuka kwa kelele.

Tena kwenye habu wawili wakisema kwa pamoja, ishara zinagongana. Kila mmoja hunyamaza kwa muda wa kubahatisha, kisha hujaribu tena. Adabu hiyo imekuwamo tangu mwanzo wa Ethernet yenyewe, ambayo Robert Metcalfe na David Boggs walianza kuijenga mwaka 1973 kule Xerox PARC, California. Kompyuta zote ziliunganishwa kwenye waya mmoja, na kila mmoja alisikia kila kitu.

Mimi nimekulia ndani ya habu. Ilikuwa nyumba ya vyumba sita huko Ngamiani, Tanga, korido katikati, jiko na choo uani. Mwaka 2008 simu ya kutegemewa ilikuwa moja, ya mwenye nyumba, mama mtu mzima tuliyemwita Bibi. Masikio yake yalikuwa mazito, kwa hiyo kila simu aliipokea kwa spika. Siku moja mchana ikapigwa kutoka kliniki. Sauti ikasema mama yangu aambiwe majibu ya makohozi yametoka, aje kesho aanze dawa.

Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Hadi magharibi uwanja mzima ulijua. Asubuhi iliyofuata sinia la vitumbua, ambalo Mama alizoea kulimaliza kabla ya saa mbili, lilirudi limejaa. Tulikula vitumbua siku tatu. Mama alimeza dawa miezi 6 akapona. Wateja walichukua muda mrefu zaidi kurudi. Sikumsikia hata mara moja akimlaumu Bibi. "Simu moja, vyumba sita," alisema, "ulitaka anong'one vipi?"

Swichi ndiyo jibu la shida hiyo. Kwa macho haina tofauti kubwa na habu, ila inasoma bahasha. Kila fremu inayopita ina anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, zile anwani za MAC zinazoandikwa kwa tarakimu na herufi 12. Swichi humtazama mtumaji, ikaandika kwenye jedwali lake kwamba fulani yuko tundu la tatu. Baada ya hapo, ujumbe wa fulani unakwenda tundu la tatu peke yake. Jirani hasikii. Watu wawili wawili wanaweza kuzungumza kwa wakati mmoja bila kugongana.

Wanafunzi huipenda mara moja. Ndipo ninapowaonyesha mambo mawili. La kwanza, swichi isipomjua mpokeaji, inafanya kama habu: inautoa ujumbe matundu yote, isipokuwa ulikotokea. Hata kompyuta yenyewe, kabla ya kumwandikia jirani isiyemjua, hupiga ukelele mtandao mzima: nani mwenye anwani hii? Wote wanasikia, mmoja anaitika. La pili, swichi inasahau. Kwa mpangilio wa kawaida wa nyingi, mashine ikikaa kimya sekunde 300, jina lake linafutwa.

Ruta ni jambo jingine kabisa. Swichi inajua nyuso, ruta inajua njia. Inasoma anwani ya IP, ambayo inaeleza mtu yuko mtandao gani, kisha inachagua pa kuusukumia ujumbe. Nikifundisha, naifananisha na mshenga. Mshenga huenda baina ya koo mbili na neno lililokusudiwa, habebi ugomvi wa uani. Ruta nayo ni hivyo: ukelele wa mtandao wa nyumbani unaishia mlangoni pake. Bila yeye neno halifiki ng'ambo. Lakini yeye hatawaita watu wa ng'ambo wote kwa pamoja.

Siku hizi Mama ana simu yake na chumba cha kujitegemea ndani ya geti, mitaa mitatu kutoka kwa Bibi. Ujumbe wetu wa WhatsApp unapita ruta nyingi kati ya Tanga na Dar es Salaam, umefungwa kwa siri, na hakuna hata moja inayoweza kuusoma. Ndicho alichokitaka mwaka 2008.

Mwezi wa tatu mwaka huu akawa kimya. Siku ya kwanza tiki moja. Siku ya pili tiki moja, simu haipatikani. Ndani ya lile geti kila mtu ana mlango wake, friji lake na tangi lake la maji, na mimi sikuwa na namba ya hata mmoja wao. Nikampigia Bibi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Sema kwa nguvu, mjukuu wangu, nimekuweka spika."

Nikasema kwa nguvu. Kabla sijamaliza nilisikia korido ikijibu, sauti ya kike ikiuliza ni geti lipi, na kandambili zikikimbia.

Ilikuwa malaria. Walimkuta kitandani, simu imezimika kando yake, wakambeba kwa bajaji hadi zahanati. Baada ya siku mbili alinipigia mwenyewe, sauti bado nyembamba.

"Umeutangazia mtaa mzima kwamba naumwa."

"Ndiyo, Mama."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema wameleta uji, sufuria tatu, na hajui ataumaliza vipi.