Prodyuza wa nyimbo za Injili aliyeacha kuisikia sauti ya bintiye

Morogoro. Mvua ya masika inaposhuka kutoka Milima ya Uluguru, wakulima hushukuru. Yeye huzima maiki.

Studio yake ni chumba cha nyuma katika nyumba ya kupanga, Kihonda. Kuta amezifunika kwa magodoro ya zamani, mlango ameuziba kwa blanketi, lakini paa ni bati, na bati halina siri. Mvua ikinyesha, hakuna sauti safi inayoweza kurekodiwa. Kwaya iliyotoka Mgeta alfajiri itakaa barazani ikinywa chai ya mama mwenye nyumba mpaka mawingu yapite. Wakati mwingine yanapita saa nne usiku, na hapo ndipo kazi inaanza.

Ana miaka 38, mke na watoto watatu. Anatunga nyimbo za Injili, anapiga kinanda, anarekodi kwaya na waimbaji binafsi, kisha anachanganya sauti mpaka wimbo ukamilike. Mji wake unajua muziki. Hapa ndipo Salum Abdallah alipoongoza Cuban Marimba, na Mbaraka Mwinshehe akapiga gitaa lake na Morogoro Jazz. Lakini yeye hakuanzia kwenye dansi. Alianzia milimani, kwenye benchi la kanisa la kijijini, pembeni ya mjomba wake aliyekuwa mwalimu wa kwaya.

Kwa Waluguru ukoo hufuatwa upande wa mama, na mjomba ana neno katika maisha ya mtoto. Mjomba huyo alimfundisha nota za do-re-mi kwa kumgonga begani kila alipokosea. "Sikiliza kwanza, ndipo uimbe," alikuwa akimwambia. Kusikiliza ndiko kulikokuja kumlisha.

Malipo si ya kutajirisha. Kwaya za vijijini hulipa kwa awamu, na kuna wakati awamu ya mwisho huja ikiwa karoti na kabichi ndani ya kiroba, pamoja na neno "Mungu akubariki, tutamalizia baada ya mavuno." Huwezi kumfukuza mtu anayekuja kumwimbia Mungu, kwa hiyo hujazia pengo kwa kuchukua kazi nyingi zaidi. Mchana anarekodi. Usiku, familia ikiwa imelala, anavaa hedifoni na kuchanganya sauti hadi karibu na alfajiri. Mvua ikipiga bati, anaongeza sauti ili aishinde mvua. Bodaboda zikipita, anaongeza tena.

Ameishi hivyo kwa miaka kumi na minne.

Dalili ya kwanza ilikuja kama lawama ya mteja. Mwalimu wa kwaya moja, mzee wa makamo ya mjomba wake, alimpigia simu baada ya kupokea nyimbo zao. "Mwanangu, kazi ni nzuri, ila sauti zinapiga mluzi. Kila penye herufi 's' kuna nyoka."

Alimjibu kwa heshima kwamba huenda redio ya mzee ndiyo mbovu. Akakata simu, akasikiliza wimbo kwenye spika, kwenye simu, na kwenye gari la jirani. Hakusikia nyoka yeyote. Mwisho alimwita kijana anayemsaidia studio. Kijana aliinamisha macho. "Kaka, ni kweli. Nilidhani ndivyo unavyotaka."

Ilikuwa hivi: kwa kuwa hakuzisikia vizuri sauti kali za juu, aliziona zimepungua, akawa anazipandisha. Kwake wimbo ulikaa sawa. Kwa wengine ulichoma masikio.

Bado hakwenda hospitali. Alisema ni uchovu. Alisema hivyo hivyo kuhusu mlio kama wa nyenje uliokuwa ukimsumbua kila alipolala, ule ambao kwa miaka miwili alikuwa akiufunika kwa kuwasha redio kwa sauti ya chini.

Aliyemwamsha ni mkewe, jioni moja wakati wa kula.

"Baba watoto, umeona mtoto huyu hakuiti tena?"

"Nani?"

"Mdogo. Zamani alikuwa anakuita. Akakuita mara mbili, mara tatu, hugeuki. Sasa hakuiti. Anakuja kukugusa bega."

Alimtazama bintiye wa miaka saba. Mtoto alikuwa amepitisha mkono nyuma ya kiti, tayari kumgusa baba yake begani, ili amwombe maji.

Wiki hiyo hiyo alikwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Aliingizwa katika chumba kidogo kisicho na kelele, akavalishwa hedifoni, akaambiwa abonyeze kitufe kila atakaposikia mlio, hata uwe mdogo namna gani. Milio ya chini aliisikia yote. Kisha kikapita kimya kirefu. Kupitia kioo aliuona mkono wa mpimaji ukiendelea kugeuza mtambo. Ndipo alipoelewa kwamba milio ilikuwa inakuja, ila haimfikii.

Daktari alimwonyesha mchoro wenye mstari uliokwenda vizuri kisha ukatumbukia shimoni upande wa sauti za juu. Hilo ni umbo linalofahamika kwa watu waliokaa miaka mingi kwenye kelele. Ndani kabisa ya sikio kuna maelfu ya seli zenye vinywele vidogo vinavyopokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Kelele kubwa huzichosha. Zikipewa muda hupumzika, lakini zikipigwa kila siku hufa. Ndege huotesha nyingine. Binadamu hana uwezo huo.

Kwa kawaida sauti kali za juu ndizo hutangulia kuondoka, na ndiyo maana wengi huchelewa kugundua. Mtu bado anasikia ngurumo, besi na mazungumzo ya wanaume. Kinachopotea ni 's', 'f' na 'sh', ile ncha ya maneno, pamoja na wembamba wa sauti za watoto. Mkewe akiuliza "umeshika?" yeye hujibu "nimefika." Nyumbani walikuwa wakicheka.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila hatari kubwa. Ikipanda hadi desibeli 90, muda huo unashuka hadi saa nne tu kwa wiki. Kwa watoto kipimo ni cha chini zaidi: desibeli 75 kwa saa 40. Alipiga hesabu yake palepale, mbele ya daktari. Saa kumi kwa siku, siku sita kwa wiki, na mvua juu ya bati. Hakuimalizia.

Jambo lililomtisha halikuwa ugonjwa, bali watu kujua. Nani atampelekea wimbo prodyuza asiyesikia? Ada ya shule, kodi ya nyumba, umeme wa studio, vyote vinapitia masikioni mwake. Kwa miezi miwili alinyamaza. Aliomba, alifunga, akaendelea na kazi kwa hofu. Kila wimbo uliotoka alimpa kwanza kijana wake ausikilize, bila kumweleza sababu.

Mkewe ndiye aliyemsukuma aseme. Alianza na yule mzee wa nyoka. Alimpigia simu, akamwomba radhi kwa kuisingizia redio yake, kisha akamweleza yote. Upande wa pili ulikaa kimya kidogo.

"Basi sisi tutakuletea masikio," mzee alisema. "Kuna binti wa sauti ya pili hapa, huyo hata panya akikohoa anasikia."

Binti alikuja kweli, akakaa studio siku nzima, akisema "hapo shusha" na "hapo rudisha." Wimbo ulitoka safi. Tangu siku hiyo ndivyo anavyofanya kazi. Yeye anatunga, anapanga sauti, anapiga kinanda. Kijana wake ndiye anayemalizia sauti za juu, na jina lake huandikwa kwenye wimbo, na malipo hugawanywa.

Mkewe naye alifungua daftari. Kila wimbo aliotunga mumewe, wa zamani na wa sasa, aliuandika: jina, mwaka, na nani aliuimba. Kisha wakaanza taratibu za kuzisajili Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya 1999, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kumbe nyimbo walizokuwa wakiziita "za kanisa tu" ni mali ya watoto, kama shamba.

Lakini kuna urithi mwingine ambao nusura awaachie. Siku moja alimkuta binti yule yule sebuleni, amevaa hedifoni zake za zamani, simu imewekwa sauti ya mwisho, anatikisa kichwa vilevile kama baba. Wimbo ulisikika hadi mlangoni. Hata yeye aliusikia.

Hakumgombeza. Aliketi chini, akazivua hedifoni, akamwonyesha alama kwenye simu: isivuke asilimia 60. Mwenzako aliyekaa karibu akisikia unachosikiliza, umezidisha. Baada ya muda, vua, masikio yapumue. Na kanisani, ambako watoto wengi hupenda kucheza mbele ya spika kubwa kwa sababu kifua kinatetemeka, wa kwake sasa hukaa nyuma. Mzazi, hili halihitaji daktari wala fedha. Linahitaji kusogeza kiti.

Usimpuuze pia mtoto au mwenzi anayesema "eti?" kila mara, anayepandisha televisheni kupita wengine, au anayelalamika kwamba masikio yanalia. Kipimo cha kusikia hakiumi. Kilichokufa hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kutunzwa.

Siku hizi mvua ikianza kupiga bati usiku, haongezi sauti. Anazima kompyuta, anafunika kinanda kwa kanga, anatoka barazani. Lupanga haionekani, ukungu umeimeza. Bintiye huja na kigoda chake na kukiweka mbele yake, si pembeni, kwa sababu mama amemfundisha kwamba baba anasikia vizuri zaidi akiuona mdomo.

Juzi alikuja na wimbo alioutunga mwenyewe, mistari mitatu, kuhusu bata wa jirani. Aliimba mara moja kwa haraka, kisha akanyamaza akisubiri.

"Umeusikia, baba?"

"Nusu," alimjibu. "Rudia taratibu."

Mtoto akasogeza kigoda karibu zaidi, akaanza upya.